Kinachobeba Mlingoti: Jinsi ya Kukagua Boti Kuukuu ya Faiba

Anayekwenda kununua boti ya tanga iliyotumika huanza na tanga, injini na rangi. Muuzaji analijua hilo, ndiyo maana vitu hivyo vitatu hung'arishwa kwanza. Kinachobeba mlingoti hakuna anayekigusa, kwa sababu hakionekani: kipande kiko chini ya sitaha, kipande kiko nyuma ya kabati, na kipande kimezama kwenye maji meusi ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti. Ukiacha mkuku wenyewe, hakuna sehemu ya boti kuukuu inayoweza kukugharimu zaidi ikiwa imeharibika nawe hukujua.

Mwongozo huu ni wa mnunuzi, wa mwenye boti, na wa fundi wa faiba anayeitwa kuja kutoa neno lake. Boti zinazohusika ni zile za futi 25 hadi 40 zilizojengwa Marekani, Kanada na Ulaya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980. Baadhi yake huvuka Bahari ya Hindi, wenyewe wakachoka na safari, nazo zikauzwa huku kwetu, kuanzia Kilifi na Mtwapa hadi Tanga na Dar es Salaam. Faiba ya boti hizo mara nyingi ni nene na bado ina nguvu. Kinachozeeka ni mbao na vyuma vilivyofungiwa ndani yake.

Kanuni ya ukaguzi ni moja: fuata mzigo, kisha fuata maji. Mzigo hushuka kutoka kwenye mlingoti hadi mkukuni. Maji nayo hushuka kutoka sitahani hadi kwenye ngama. Popote njia hizo mbili zinapokutana juu ya kipande cha mbao au chuma, hapo ndipo pa kuweka tochi.

Mzigo ni mkubwa kuliko unavyodhani

Mlingoti wa alumini wa boti ya futi 30 si mzito wa kutisha. Watu wanne huubeba begani. Mzigo mkubwa unatokana na waya zinazoushika. Waya ya chuma cha pua ya milimita 6 hukatika ikivutwa kwa takriban tani 3. Kwa kawaida hukazwa kwa asilimia 10 hadi 20 ya nguvu hiyo, boti ikiwa bado imetulia kwenye maegesho. Chukua asilimia 15: kila waya inavuta kilo 430 hivi. Boti nyingi za ukubwa huu zina waya ya mbele, ya nyuma na sita za ubavuni, tatu kila upande. Hata ukizihesabu zile za chini za ubavuni kuwa zimelegezwa kidogo, mlingoti unakandamizwa kuelekea chini kwa karibu tani 3, na tanga bado halijapandishwa. Kusi likishika na boti ikalala ubavu, mzigo unapanda juu ya hapo.

Tani hizo zote zinatua mahali padogo panapofunikwa na viganja viwili vya mkono. Kilichoko chini ya hapo kikilegea milimita chache tu, waya zote zinalegea pamoja, na mlingoti unaanza kucheza.

Mitindo miwili, udhaifu tofauti

Katika mtindo wa kwanza, mlingoti unasimama juu ya sitaha. Chini yake kuna kitako cha alumini au chuma, kisha faiba ya sitaha yenye kiini cha plaiwudi au mti wa balsa, kisha boriti au kiambaza, yaani ule ukuta wa plaiwudi unaogawa vyumba, kisha mara nyingi nguzo inayoteremka hadi kwenye ngama. Kila kiungo katika mnyororo huo ni mahali pa kushuku.

Katika mtindo wa pili, mlingoti unapenya sitaha na kuteremka hadi chini. Wajenzi wa majahazi hawana ugeni na mtindo huu, kwani ndio wao: mlingoti hutumbukizwa kwenye mwashiri juu ya mkuku. Tofauti ni kwamba kwenye boti ya faiba mwashiri unaweza kuwa wa mbao, wa chuma au wa alumini, nao hukaa kwenye maji ya chumvi mwaka mzima.

Boti tatu maarufu zinatosha kukuonyesha jinsi kila mtindo unavyochakaa.

Alberg 30 ilichorwa na Carl Alberg na kujengwa na Whitby Boat Works huko Ontario, Kanada, kuanzia 1962. Zilitoka zaidi ya 700. Mlingoti wake unasimama juu ya sitaha, na chini yake kuna boriti inayovuka juu ya mlango wa chumba cha mbele. Boriti za mbao za boti hizo zinajulikana kwa kupinda au kupasuka baada ya miaka mingi, na wamiliki wengi wameziimarisha kwa bamba za chuma au alumini.

Catalina 30 ya California, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970 na kupita boti 6,000, ina nguzo inayoshusha mzigo hadi kwenye ngama. Katika zile za zamani nguzo hiyo imekalia kipande cha mbao. Mbao ikiloa miaka na miaka, inaoza na kubonyea, nguzo inazama, na sitaha inaifuata.

Cal 40, iliyochorwa na Bill Lapworth na kuanza kujengwa 1963, ina mlingoti unaoteremka hadi chini, na mzigo wake unapokewa na boriti ya chuma ndani ya ngama. Chuma cha kawaida ndani ya maji ya chumvi kina mwisho mmoja tu, nao ni kutu.

Boti unayoikagua huenda isiwe mojawapo ya hizi. Lakini ukiuliza ni ipi kati ya hizi tatu inafanana nayo, umeshajua pa kuanzia.

Vifaa vya kuchukua

Huhitaji vingi: tochi kali, kioo kidogo chenye mpini, nyundo ndogo ya plastiki au bisibisi yenye mpini mzito, rula ndefu iliyonyooka, uzi, msumari mrefu wenye ncha, penseli, kipande cha kadibodi na mkasi. Kipimo cha unyevu kinasaidia ukikipata, ila usikifanye hakimu: kikiwa juu ya bolti, bamba la chuma au chumvi iliyoganda, husoma unyevu ambao haupo.

Fanya ukaguzi wa ndani boti ikiwa inaelea na waya zimekazwa. Boti iliyokalishwa nchi kavu juu ya mkuku wake hubadilika umbo kidogo, na milango inaweza kufunga vizuri kuliko inavyofunga majini.

Hatua ya 1: Sitahani

Piga magoti karibu na kitako cha mlingoti na utazame sitaha kwa chini, jicho likiwa karibu usawa wake. Sitaha ya kawaida imeinuka katikati na kuteremka taratibu kuelekea ubavuni. Ukiona pameinama kuzunguka kitako, au maji ya mvua yanatuama hapo badala ya kukimbia, andika.

Macho hudanganya, kwa hiyo pima. Kata kadibodi ifuate mpindo wa sitaha nusu mita mbele ya mlingoti, kutoka upande hadi upande. Kisha ilete karibu na kitako kadiri inavyowezekana. Boti zina mpindo unaobadilika kidogo toka sehemu hadi sehemu, kwa hiyo tofauti inayosambaa taratibu isikutie hofu. Unachokitafuta ni bonde: kadibodi inagusa pande zote mbili lakini katikati inaacha mwanya.

Tazama nyufa za jelikoti, ile ngozi ya nje yenye rangi. Nyufa nyembamba za ovyo ovyo ni za uzee tu. Nyufa zinazokizunguka kitako kwa duara, au zinazotoka kwake kama miale, zinaonyesha kwamba sitaha inabonyea na kurudi.

Sasa gonga. Anzia mbali, mahali unapojua ni pazima, ili sikio lizoee sauti kali na kavu. Sogea kidogo kidogo kuelekea kwenye kitako. Sauti ikigeuka kuwa butu na ya chini, zungushia alama ya penseli. Ukimaliza, hizo alama zitakuchorea ramani ya kiini kilicholowa au kilichoachana na faiba. Angalia pia kila tundu lililo karibu: bolti za kitako, nyaya za taa, vitu vya kuongozea kamba. Maji huingilia hapo. Ute wa kahawia unaochuruzika pembeni mwa bolti ni maji yaliyokwishapita kwenye mbao iliyooza.

Hatua ya 2: Mlango ni shahidi

Shuka chini, ufungue na kuufunga mlango wa chumba cha mbele na wa choo. Mlango unaokwama juu, katika boti ambayo mlingoti uko karibu na kiambaza, unasema kwamba boriti imeshuka au fremu imepinda.

Usitosheke na mlango unaofunga vizuri. Pitisha kidole kwenye ukingo wake wa juu. Ukikuta umepigwa randa, au vanishi yake ni mpya kuliko ya mlango mzima, mtu alikwishaona tatizo na akaamua kuukata mlango badala ya kutengeneza boriti. Weka rula juu ya fremu ya mlango utazame kama imenyooka. Fremu iliyoinama katikati inatosha kukufanya udai kufunguliwa dari.

Kagua boriti yenyewe ikiwa inaonekana. Ikiwa ni ya mbao za tabaka, tafuta mpasuko kati ya tabaka na tabaka, hasa upande wa chini katikati, ambako boriti huvutika zaidi. Ikiwa imefunikwa kwa ubao wa urembo, omba ubao ufunguliwe. Muuzaji akikataa kata kata, hilo nalo ni jibu.

Halafu kiambaza. Tazama mahali kinapokutana na dari na bodi ya boti. Kuna tepe za faiba zinazokiunga. Jaribu kupenyeza ncha ya kisu nyembamba: tepe iliyobanduka huachia mwanya, na mara nyingine utaona mstari wa vumbi au rangi iliyochanika. Doa jeusi linaloteremka kutoka juu linaonyesha njia ya maji, na mara nyingi linaanzia kwenye vibamba vya chuma vinavyoshika waya za ubavuni. Hivyo vibamba ni upande wa pili wa mzigo huo huo: mlingoti unasukuma chini, waya zinavuta juu. Plaiwudi inayovishika ikioza, matokeo hayana tofauti na boriti kuvunjika. Choma msumari karibu na bolti zake. Plaiwudi nzima inakataa, iliyooza inaupokea.

Hatua ya 3: Ngama

Hapa ndipo wakaguzi wengi wanapofanya uvivu, kwa kuwa ni lazima ulale kifudifudi, utie mkono kwenye maji machafu na kutumia kioo. Usiache. Pampu maji yote kwanza, kausha kwa kitambaa, kisha mulika.

Kama kuna nguzo, ifuate hadi mwisho wake. Kipande cha mbao kilicho chini yake kichome kwa msumari kila upande, si juu pekee. Tazama kama nguzo imezama ndani ya mbao, au kama imehama kutoka mahali pake na kuacha alama ya zamani pembeni. Nguzo ya chuma inakaguliwa kwa kugonga sehemu yake ya chini kabisa, ambako kutu huila kutoka ndani hali ya kuwa juu rangi ingali safi. Nguzo ya alumini yenye bolti za chuma cha pua huota unga mweupe pale metali hizo mbili zinapogusana. Kwangua unga huo uone ni kina gani kimeliwa.

Kama mzigo unashuka kwa kiambaza pekee, hakikisha kiambaza hicho kinafika chini na kukalia kitu kigumu. Ncha zake za chini huzama ngamani na mara nyingi hazikupakwa rezini kiwandani. Plaiwudi isiyofungwa ncha hufyonza maji na kupanda nayo juu.

Angalia pia matundu ya kupitishia maji kati ya mataruma, yaani mbavu za ndani za boti. Yakiziba, maji yanatuama chini ya mlingoti daima. Kuyazibua hakugharimu kitu, na ni miongoni mwa kazi za matengenezo zenye faida kubwa kuliko zote.

Kama mlingoti unafika chini

Kazi ya sitaha inapungua hapa, na ya mwashiri inaongezeka. Kagua mguu wa mlingoti: alumini iliyokaa majini huliwa kwanza ukingoni, na mlingoti hufupika upande mmoja. Lazima kuwe na tundu la kutoa maji chini ya mlingoti, kwani mvua huingia kwa juu na kuteremka ndani yake hadi chini. Tundu likiziba, mguu unaoza kutoka ndani.

Mwashiri wa chuma ugonge hadi magamba ya kutu yadondoke, kisha upime unene uliobaki. Kutu huvimba na kuchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo boriti inayoonekana nene huenda imebaki nusu. Mataruma yanayobeba mwashiri nayo yatazame: nyufa pale yanapoungana na bodi, au mlio mtupu unapoyagonga, maana yake mbao zilizo ndani ya faiba zimekwisha.

Hatua ya 4: Jaribio la waya

Jaribio hili linahitaji ruhusa ya mwenye boti na mtu anayejua kukaza waya. Kata fito ifike sawasawa kutoka chini ya sitaha, karibu na mlingoti, hadi kwenye sehemu ngumu juu ya mkuku. Iweke waya zikiwa zimekazwa. Kisha legeza waya kidogo kidogo kwa kupokezana pande zote, bila kuiachia hata moja kabisa, siku ya maji matulivu isiyo na upepo.

Sitaha itainuka. Milimita 1 au 2 ni kawaida ya faiba. Ikiinuka zaidi ya hapo kwa namna inayoonekana kwa macho, na mlango uliokuwa ukikwama ukaanza kufunga, umepata uthibitisho kwamba kilichoko chini hakibebi ipasavyo.

Muulize pia mwenye boti anakaza waya mara ngapi. Waya mpya hurefuka kidogo mwanzoni kisha hutulia. Anayezikaza kila mwezi, na vikazio vyake vimebakiwa na hesi chache tu, hana waya zinazorefuka. Ana mlingoti unaozama.

Hatua ya 5: Kutoboa

Mashaka yakibaki, toboa, ila kwa idhini ya mwenyewe. Tumia kichwa cha keekee cha milimita 4 au 5, toboa kutokea ndani kwenda juu, na weka alama kwenye kichwa hicho ili kisipenye hadi nje. Kusanya unga unaotoka. Balsa nzima hutoka kavu na nyeupe. Iliyooza hutoka nyeusi, imelowa na kugandamana kama machicha yaliyochacha. Plaiwudi nzima inanukia mbao hadi leo. Ukimaliza jaza tundu kwa epoksi, hata kama boti huinunui.

Uamuzi

Ukikuta nyufa chache, kiini kikavu, milango inafunga na ngama kavu, nunua kwa amani, na kila mwaka kagua tena.

Ukikuta kiini cha sitaha kimelowa mahali padogo, au kipande cha mbao chini ya nguzo kimeoza lakini boriti na viambaza ni vizima, hiyo ni kazi ya fundi mzuri wa faiba. Pata makadirio yake kwa maandishi kabla ya kutaja bei yako.

Ukikuta boriti imepasuka, kiambaza kimeoza chini na mataruma yanalia utupu kwa pamoja, iache, hata ukipewa kwa bei ya injini. Ukarabati wake unataka kuvunja nusu ya ndani ya boti.

Ukiamua kutengeneza

Mlingoti uteremshwe kwanza. Sitaha iliyoinama huinuliwa kwa jeki iliyokalia ubao mpana juu ya mkuku au taruma imara, kamwe si juu ya faiba tupu ya bodi. Inua milimita chache, acha faiba itulie, kisha endelea.

Mahali pa kiini kilichooza chini ya kitako pasirudishwe balsa wala plaiwudi. Jaza faiba tupu ya tabaka kwa epoksi, ambayo hushika faiba kuukuu vizuri kuliko rezini ya poliesta. Chini ya nguzo nako, fundi atakushauri kipande cha msaji au mvule. Ni mbao nzuri, lakini kilichoozesha mbao ya kwanza bado kipo ngamani. Dai kipande cha faiba ngumu kisichofyonza maji.

Kila tundu la bolti litobolewe pana, lijazwe epoksi, kisha litobolewe upya katikati, ili bolti isiguse kiini tena. Kwa joto la pwani epoksi huganda upesi, hivyo tumia kigandishi cha polepole, changanya kidogo kidogo na ufanye kazi asubuhi mapema.

Kwa ratiba ya huku kwetu, ukaguzi ufanyike Machi, kaskazi linapoishiwa nguvu na kabla kusi halijashika. Mvua za kwanza za masika zitakuonyesha bure ni wapi panavuja. Siku hiyo hiyo pima nafasi ya mlango, andika tarehe na kipimo kwa penseli nyuma ya kabati, na mwakani upime tena palepale. Kipimo kikibadilika, usingoje dalili ya pili: teremsha mlingoti.